Karavani Isiyo na Msumari

Jumamosi, tarehe 3 Agosti

Leo ni leo! Ufunguo wa karavani uko mfukoni mwangu. Nimeupapasa mara sita tangu chakula cha mchana.

Niandike vizuri, maana siku moja wajukuu watasoma. Karavani hii ni nyumba ya mbao juu ya magurudumu mawili, inavutwa na gari. Vitanda vinne, viwili chini, viwili juu. Kabati, meza ya kukunja, jiko dogo. Baba mkwe wangu, seremala mstaafu, aliijenga kwa mikono yake miaka sita, na ndani yake hakuna msumari. Hata mmoja! Kila ubao una ulimi, kila ulimi una tundu lake, kila tundu limefungwa kwa kigingi cha mbao. Mzee akiisimulia hufumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

Sasa magoti yamemwisha. Amesema mwaka huu anakabidhi. Ana wakwe wawili, mimi na mwanyumba wangu, yule aliyeoa dada wa mke wangu. Mwanyumba ni mtu wa bima. Anatabasamu hata akipiga chafya. Mwaka jana karavani alikwenda nayo yeye na familia yake, akairudisha inang'aa, na shada la maua mlangoni. Maua! Mwaka huu ni zamu yangu. Atakayemridhisha Mzee ndiye atakayeichukua.

Lakini si karavani tu. Niseme ukweli, daftari halicheki mtu. Mwanyumba huitwa na Mzee "mwanangu." Mimi, miaka tisa ya ndoa, naitwa "huyu bwana." Mwambieni huyu bwana asogeze kiti. Huyu bwana ameshakula? Nalitaka neno lile moja tu. Nikilipata, karavani hata nikiikosa nitalala usingizi. (Hapana. Nataka vyote viwili.)

Masharti ni matatu. Kila tunaposimama, sakafu ikae sawa. Mzee amepachika pimamaji pale mlangoni, na kipovu chake lazima kikae katikati. Pili, isirudi na mkwaruzo. Tatu, kitu kikilegea nimpigie simu, atanielekeza, ila nisithubutu kusogeza msumari karibu. Aliposema msumari alinitazama mimi, hakumtazama mke wangu. Nikaapa. Nyundo na misumari nilikuwa nimeshavificha chini ya gurudumu la akiba tangu jana. Tahadhari kabla ya hatari.

Abiria ni hawa. Binti wa kwanza, miaka saba, tunamwita Mwanasheria, kwa sababu hakuna amri ya nyumba hii asiyoikatia rufaa. Wa pili, miaka minne, ni Kifaru. Haendi mahali, anagonga. Babu yake alimtolea sumaku kutoka mfuko wa aproni, ile aliyokuwa akipitisha juu ya mbao kuukuu kabla ya kuzipasua, akamwambia achezee njiani. Zawadi gani hiyo kwa mtoto? Nikatabasamu hivyo hivyo.

Kutoka uani kwa rivasi nilimwachia mke wangu. Si kwamba siwezi. Nilitaka kusimamia. Nikasimamia vizuri sana, nyuma kabisa, mikono juu, hadi aliponiomba nitoke njiani.

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Mke wangu alishauri tuulize njia. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mwalimu wa jiografia, mwaka wa kumi na nne huu. Nikionekana nauliza njia, nitawatazamaje wanafunzi?

Penye njia panda nikaamuru kulia. Bahari iko mashariki, mashariki ni kulia, kwisha maneno. Baada ya mwendo mrefu wa vumbi tukajikuta katikati ya mashamba ya chumvi, juu ya tuta jembamba, maji kulia, maji kushoto, na mbele yetu mlinzi amekaa juu ya ndoo. Akauliza kwa adabu kama tumekuja kuchukua chumvi. Mke wangu ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alirudi rivasi hatua mia tatu juu ya lile tuta, karavani inamtii kama mbuzi wa kufugwa, na mlinzi akasimama akapiga makofi. Kifaru akatapika. Mwanasheria akauliza, kwa ajili ya kumbukumbu, ni nani aliyesema kulia.

Giza lilipokaribia tuliomba kulala kwenye uwanja wa kituo cha mafuta. Nikafungua kundi la familia kwenye simu. Mwanyumba alikuwa ameuliza kwa upole kama tumefika, maana yeye mwaka jana saa kama hizi miguu ilikuwa imeshaingia majini. Akaweka na picha ya miguu yenyewe.

Roho ikaniuma. Ukutani kwenye ofisi ya kituo kuna kalenda yenye picha ya bahari, maridadi kweli kweli. Nikaipiga picha, nikaituma, nikaandika tumefika, hewa safi, watoto wana furaha. Shangazi wote wakapongeza. Mwanyumba akauliza mbona bahari yangu ina tarehe za Februari.

Nimezima simu.

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Tumefika, safari hii kweli. Bahari iko pale pale nilipoifundisha.

Msimamizi wa kambi ni mama mfupi mwenye kofia pana na reki mkononi. Alituonyesha nafasi yetu kule juu, nyuma ya miti ya mivinje, karibu na mabafu. Mabafu! Nimevuta nyumba nzima siku mbili ili nitazame watu wakiingia na ndoo? (Aliyevuta ni mke wangu, lakini uchovu ulikuwa wangu.) Nikachagua ufukweni, mchangani, mlango ukitazama maji. Mke wangu alisema Baba asingeiweka pale. Nikamjibu kwamba Baba ni seremala.

Msimamizi akasema hapo hapawekwi kitu wiki hii, ni bamvua, maji hujaa mno. Nikamuuliza, kwa heshima zote, hayo ya kujaa na kupwa kwa maji aliyasoma wapi, maana mimi nayafundisha kidato cha pili na mchoro wangu wa mwezi umebandikwa ukutani shuleni. Akasema yeye hakuyasoma, yeye hufagia mwani unaoletwa. Akaenda zake na reki yake.

Saa kumi alasiri maji yakaja. Yakaja, yakaja, yakasimama hatua kumi kutoka kwenye magurudumu, yakarudi. Sayansi! Niliwaita watoto nikawaonyesha. Nikawaeleza na habari za mwezi, kwa faida yao: kesho unaandama, jua na mwezi vitavuta kwa pamoja, na hapo ndipo maji hupanda kuliko siku zote. Mwanasheria akauliza, kuliko leo? Nikasema ndiyo, kuliko leo, vizuri sana, swali zuri. Akayatazama magurudumu, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Watoto wa siku hizi hawana adabu ya macho.

Nimetuma picha ya mlango na bahari, pimamaji likionekana, kipovu katikati kabisa. Mzee amejibu neno moja: Sawa. Kutoka kwake hiyo ni hotuba. Mwanyumba hakujibu kitu. Nimemweza!

Jumanne, tarehe 6 Agosti

Maji yamenifika shingoni. Leo siandiki kwa mafumbo.

Alfajiri niliona mstari wa mwani hatua nne kutoka gurudumu la kushoto. Nikausogeza kwa mguu ukawa hatua saba. Mchana mke wangu na Mwanasheria walikwenda sokoni. Nikaachiwa Kifaru, amelala kitanda cha juu. Nami nikajinyoosha kidogo kitanda cha chini, macho wazi, nikichunga.

Aliyeniamsha ni Kifaru. Alikuwa ananiambia kwamba kandambili zangu zinaondoka. Kweli, zilikuwa zinatoka mlangoni, moja nyuma ya nyingine, hazina haraka. Nje hapakuwa na ufuko. Mchanga chini ya gurudumu la kushoto ukaliwa, karavani ikainama kama mtu anayechungulia chini ya kitanda, na Kifaru akateleza na godoro lake moja kwa moja hadi kwenye ukingo, ule ubao wa kuzuia mtu asianguke. Akaugonga kwa mabega yote mawili. Ukingo ukasema kwaa! Ukatoka.

Nilimdaka. Sijui nilimdakaje. Nilimkumbatia mpaka akalalamika kwamba namminya. Mtoto wangu angeumia kwa ajili ya picha ya kumwonyesha mtu wa bima. Nimeliandika hilo mara moja, sitaliandika tena. Yeye aliomba turudie.

Msimamizi alikuja na trekta la kukusanyia mwani. Hakuna aliyemwita. Kamba ilikuwa imeshafungwa nyuma ya trekta, na nina hakika alikuwa amekaa mahali anasubiri tangu saa nane. Alituvuta hadi nyuma ya mivinje, pale pale karibu na mabafu. Hakunisema hata kidogo. 

Mke wangu aliporudi alitazama alama mchangani, akatazama trekta, akamtazama Kifaru kuanzia utosini hadi kwenye nyayo kama anavyofanya wodini, maana yeye ni muuguzi wa watoto. Aliporidhika akauliza kama kuna kilichovunjika. Nikasema hakuna. Ukingo nilikuwa nimeshaurudisha mahali pake kwa mkono mmoja na kuufunika kwa taulo.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi guu ni zima. Ni ukingo tu.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Sharti linasema nimpigie Mzee simu. Niliishika simu, nikaliona jina lake, nikamsikia kabla hata hajapokea: huyu bwana amefanya nini tena? Nikaiweka chini.

Ulimi wa ukingo ulikuwa umekatikia ndani ya tundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga hawakukataza msumari. Mke wangu alipompeleka Kifaru bafuni, nikatoa nyundo. Msumari wa kwanza ukapinda, nikaulaza hivyo hivyo. Wa pili ukaingia vizuri mno, upande usiokusudiwa. Wa tatu sina habari zake za mwisho, maana nyundo ilitua juu ya kidole gumba cha kushoto na mimi nikaona nyota ambazo hazimo katika mtaala.

Nilipopata macho tena, Mwanasheria amekaa mlangoni anakula mkate. Alikuwa ameona yote. Nikamwambia hakuona kitu. Akasema aliona nyundo, misumari mitatu, na neno moja ambalo mimi humkataza asiliseme.

Tukajadiliana. Alitaka iandikwe. Mkataba uko nyuma ya ramani: yeye hatamwambia mtu yeyote alichokiona, nami nitahakikisha haogi hadi tufike nyumbani. Tumetia sahihi wote wawili, yake ina maua. Kifaru akaingia ameloa, na sumaku yake mkononi, nikamwambia akacheze nje. Yeye sikumwandika kwenye mkataba. Ana miaka minne, hajui hata kusoma.

Yakabaki yale matundu na vichwa vya misumari. Hapo ndipo akili huonekana. Nilichukua dawa ya meno na majani ya chai, nikakanda, nikaziba, nikalainisha kwa kijiko. Rangi ya mbao ile ile! Nani kasema mimi si fundi? Inanukia mnanaa kidogo.

Kidole kimevimba kama nyanya. Nimewaambia ni kaa. Mke wangu akakigeuza huku na huku, akauliza kaa huyo alikuwa wa namna gani. Nikasema mkubwa.

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Kaa anasakwa. Kifaru ameapa kulipiza kisasi cha baba yake, ameandikisha watoto wote wa kambi, wana ndoo. Hadi saa tano wameniletea kaa kumi na mmoja, wamewapanga mbele yangu kwenye beseni, nimtambue mhalifu. Ilibidi nimtaje mmoja. Nikamwonyesha mkubwa mwenye sura ya ukorofi. Mwanasheria akaninong'oneza kwamba yule hana hatia na mimi najua. Akamrudisha baharini kwa mikono yake mwenyewe, akamwomba radhi.

Mwanasheria siku ya pili haogi. Ananuka mwani na samaki wa jana. Mama yake alipomwagiza bafuni nikasimama kidete: chumvi ni dawa ya ngozi, mwache mtoto. Mke wangu akauliza tangu lini, wakati mimi ndiye humfukuza na taulo kila siku ya Mungu. Nikasema watu hubadilika.

Kifaru ameokota vizibo thelathini kwa ile sumaku, amevipanga ngazini. Kisha akapanda kitandani kwake akapiga kelele imeganda, imeganda! Nilimjibu kutoka nje kwamba asiguse, itakauka tu. Alikuwa na maana ya dawa ya meno, nadhani. Akashuka, akaenda kuzunguka ndani na sumaku yake, kabatini, chini ya meza, kila mahali anacheka peke yake. Mtoto wa raha.

Jioni nilikaa ngazini na mke wangu. Maji yalikuwa mbali, yana adabu. Akaanza kunisimulia habari ambazo sikuwa nimeziuliza. Kwamba vitanda vya juu havikuwamo kwenye mchoro wa kwanza. Baba yake aliviongeza alipopata habari kwamba yeye ana mimba ya Mwanasheria. Urefu wa ule ukingo aliupima mara nne, akamwita usiku na mchana kumuuliza mtoto anayelala hugeuka kwa nguvu kiasi gani. Alikuwa hajawa babu bado, anaogopa mjukuu asije akaanguka.

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Kikatoka kitu kingine, nikaisifu mivinje. Mke wangu akanitazama, akasema ndiyo, ni mizuri, akaingia ndani.

Sasa nimejilaza chini ya ule ukingo. Mnanaa umekolea.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Tumerudi kwa mwendo wa siku moja tu. Ramani aliishika mke wangu.

Mzee alikuwa amesimama uani na mkongojo wake. Pembeni yake, shati jeupe, tabasamu limepigwa pasi: mwanyumba! Amekuja kusaidia kukagua, akasema. Nani alimwalika? Kijiba cha roho kile, alitaka aketi mstari wa mbele.

Mzee akaanza nje. Magurudumu, vioo, rangi. Hakuna mkwaruzo. Akaingia ndani. Pimamaji, sawa. Meza, sawa. Akasimama, akanusa. Akasema humu ndani kunanukia kama kinywa cha mtu anayekwenda kuposa. Mwanyumba akacheka hadi akajipangusa macho. Mwanasheria amekaa ngazini, mikono mapajani, kimya kabisa, anatimiza mkataba kwa uso mgumu. Mimi mgongo wote jasho.

Mzee akaupapasa ukingo wa kitanda. Akaupapasa kwa taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akapita. Amepita! Nikaanza kuvuta pumzi. Ndipo Kifaru akamshika babu yake mkono, akamwambia njoo uone, sumaku yako inakipenda kitanda changu.

Tk. Tk. Tk.

Mara tatu. Dawa ya meno ikabanduka, ikaanguka chini, na majani yake ya chai.

 Mwanyumba akatikisa kichwa kwa huzuni ya watu wa bima, akasema pole sana Baba, yeye mwaka jana hakugusa hata kitasa bila kuwaza jasho la Mzee. Njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilikuwa fupi kuliko yangu, maana Kifaru, alipoona amepata watazamaji, akasema na kule ipo, mingi. Akaingia chini ya meza, akapitisha sumaku kwenye miguu ya kabati. Tk, tk, tk, tk. Tukahesabu wote kwa sauti, hata mke wangu. Tisa! Misumari imezibwa kwa ufundi, imepakwa rangi juu, na maua mlangoni! Miaka yote niliyomjua mwanyumba, leo ndiyo mara ya kwanza kuona mdomo wake umefungwa. Nilitamani kumbeba Kifaru mabegani nizunguke naye mtaa mzima.

Mzee akaketi ngazini karibu na Mwanasheria. Akasema Mungu amempa wakwe wawili na misumari kumi na miwili.  Kisha akanyoosha mkono kwangu, akaomba ufunguo. Nikautoa. Akamwita mke wangu, akauweka kiganjani mwake, akasema karavani ni yako tangu leo, mama, kwanza ni wewe peke yako unayejua kuirudisha nyuma. Mke wangu akalia. Mimi nikapiga hesabu haraka: cha mke ni cha nyumba. Sijashindwa moja kwa moja.

Halafu akaushika mkono wangu. Ule wa kushoto. Akauliza kidole kimepatwa na nini. Nikasema ka... Macho yetu yakakutana. Nikasema nyundo, Baba. Hilo ndilo neno la kweli la kwanza nililomwambia wiki hii, labda na mwaka huu.

Akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Akacheka hadi mkongojo ukamponyoka. Akanionyesha kidole gumba chake mwenyewe, ukucha umepinda tangu ujana wake, akasema hapo ndipo kila fundi anapoanzia. Akasema misumari ataichomoa sasa hivi, ubao wa ukingo nikae nao, kesho saa tatu niulete karakanani anifundishe kutia kigingi, na mwanyumba naye aje na kabati lake. Akasema hivi, nanukuu neno kwa neno: "Usichelewe, mwanangu."

Mwanangu! Mbele ya mwanyumba! Mbele ya mashahidi!

Nililia. Niliwaambia ni vumbi la mbao. Mwanasheria ameogeshwa mara mbili.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Nimeamka na wazo.

Karavani iko uani kwetu. Ubao wa ukingo ninao. Kutia kigingi, Mzee mwenyewe alisema jana, mtu hujifunza kwa miezi. Miezi! Yuko mwana gani asiyetaka kumshangaza baba yake? Nikimpelekea kazi iliyokwisha, safi, imara, atasema nini? Atasema zaidi ya mwanangu. Sijui neno gani lipo juu yake, lakini atalipata.

Nimetafakari kosa langu kwa kina na nimelipata. Kosa halikuwa msumari. Kosa lilikuwa chuma. Sumaku haishiki shaba! Hilo lipo hata kwenye vitabu vya darasa la tano.

Nikamwambia mke wangu mgongo umenikamata, watangulie na watoto kwa babu, nami nitafuata na ubao nikipata nafuu. Walipotoka, mgongo ukaniachia. Nikaenda kwa muuza vifaa. Akasema misumari ya shaba alikuwa na pakiti mbili, moja imechukuliwa alfajiri na bwana mmoja wa shati jeupe, mcheshi sana. Mshenzi yule! Hana hata haya, hajifunzi! Nikachukua iliyobaki.

Saa nne mke wangu akapiga simu. Baba yupo kwenye benchi lake tangu saa tatu. Amevaa aproni, nyingine ameitandika pembeni. Amenichongea nyundo ndogo ya mbao, mpini ameukadiria kwa kiganja changu alichokishika jana. Mwanyumba naye hajafika, ametuma salamu kwamba mgongo unamsumbua. Baba hajakasirika. Kila gari likipita anainua kichwa, anauliza kama ndiye "mwanangu."

Kitu kilinichoma hapa kifuani. Nilikaa kitako kwenye sakafu ya karavani. Kisha nikasema naugulia bado, ila Jumamosi ijayo bila shaka, mwambie bila shaka. Nitakwenda. Kwanza nimalize hiki kidogo.

Sumaku ya Kifaru aliisahau mezani. Nimeijaribu kwenye msumari wa shaba. Haishiki! Nimecheka peke yangu. Kidole gumba cha kushoto bado kina bandeji, hakishiki kitu, kwa hiyo msumari nimeushika kwa mkono wa kulia na nyundo kwa mkono wa kushoto. Nikalenga. Nikagonga wa kwanza.

Uwiii!

Naandika kwa tabu, kalamu naishika kwa vidole vinne. Nasikia gari langoni. Ni mke wangu, anaingia kwa rivasi, moja kwa moja, hagusi ukuta. Watoto wanashuka. Kifaru anaita baba, baba, babu amekutumia nyundo.

Kutoka hapa hadi baharini ni mwendo wa kutwa nzima. Nitasema ni kaa.